Kideri: tusingoje kuku wapinde shingo

Mhariri, salamu. Naomba nafasi niseme hili la kuku wa kienyeji maana kila mwaka ni yale yale, kideri kinaingia mtaani, kuku wanaharisha kijani, shingo zinapinda, wiki haijaisha banda tupu, halafu ndo watu wanakimbilia duka la mifugo kununua antibayotiki. Jamani kideri ni virusi, antibayotiki haivigusi hata kidogo! Unapoteza hela na unazidi kuwazoesha bakteria dawa, kesho ukiugua wewe zinagoma.

Kinga ipo na sio ghali. Chanjo ya I-2 inatengenezwa hapa hapa kwetu Kibaha, inavumilia joto kuliko zile za kukaa kwenye friji muda wote, na kuchanja si kazi: unamlaza kuku ubavu, tone moja jichoni, unasubiri apepese ndo unamwachia. Unarudia kila baada ya miezi mitatu, basi.

Tatizo ninaloliona mimi ni kichupa. Kimoja kinachanja kuku mia na zaidi, sasa mama mwenye kuku nane atakinunua peke yake kweli? Ndo maana nawaomba maafisa mifugo wa kata watangaze siku moja ya chanjo mtaa mzima, watu wachangie kidogo kidogo, na vijana wawili watatu wafundishwe kudondosha. Na iwe kabla ya kiangazi, kuku wakishaanza kusinzia mmechelewa, chanjo haimponyi aliyeshaambukizwa.

Mfugaji, Singida