Makaburi ya ng'ambo ya ziwa

Knoxville, Tennessee

Rafiki yangu mpendwa,

Habari za Kibosho? Huku hatujambo. Ujumbe wako kuhusu kihamba, ile ardhi ya ukoo wenu, nimeusoma mara tatu. Yaani kaka zako wanataka kuuza, na mnunuzi ameshauliza makaburi yatahamishwa lini! Sina jibu, ila nikusimulie nilichokiona.

Jumamosi tulikwenda Cades Cove, bonde lililo ndani ya hifadhi ya taifa ya Great Smoky Mountains. Ukipita unaona swala wa huku na nyumba chache za magogo, unadhani hapakuwahi kuishi mtu. Kumbe palikuwa na watu wengi tu. John Oliver na mkewe Lucretia, walowezi wa kwanza, walifika 1818, mwaka mmoja kabla ya mkataba uliowatoa Wacherokee, wenyeji wa asili, kwenye ardhi ile. Inasimuliwa kwamba majira yao ya kwanza ya baridi wangekufa njaa kama si Wacherokee haohao kuwapa maboga makavu. Akina Oliver wamezikwa nyuma ya kanisa. Kaburi la Mcherokee sikuona hata moja.

Makaburi mengi yana jiwe la shambani tu, halina jina, nayo yameelekezwa mashariki ili siku ya ufufuo waamke wakitazama macheo. Vijiwe vya watoto wachanga ni vingi mno, nikaacha kuhesabu. Jiwe la Russell Gregory, aliyeuawa 1864 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, linasema waziwazi kwamba waliomuua ni waasi wa North Carolina. Hawakutaka mtu asahau!

Miaka ya 1930 serikali ikatwaa bonde. John W. Oliver, wa ukoo uleule, alipambana mahakamani hadi akashindwa, akaondoka 1937. Walio hai walihamishwa, wafu wakabaki.

Kusini ya milima, upande wa North Carolina, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia lilijengwa bwawa la Fontana, maji yakaimeza barabara, na maeneo zaidi ya 20 ya makaburi ya koo yakabaki ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1943 serikali iliahidi barabara mpya. Ikajenga kipande, ikatoboa handaki, ikaishia hapo. Wenyeji wanaiita Barabara Isiyokwenda Kokote. Mwaka 2010 ikakubali kuilipa wilaya ya Swain dola milioni 52 badala ya barabara.

Mama mmoja ninayefanya naye kazi, babu yake amezikwa huko. Kila kiangazi hifadhi huwavusha jamaa wa marehemu kwa boti, na reki zao, maua ya plastiki na kuku wa kukaanga. Wanapalilia, wanainua udongo wa makaburi, wanaimba, kisha wanakula palepale. Nilipomweleza habari ya kihamba chenu, akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Sisi hatukuuza. Tulitolewa." Basi, sikuongeza neno.

Sikwambii umkatalie nani. Ila kabla ya kikao cha ukoo, chukua daftari uende na shangazi yako, maana yeye ndiye aliyebaki anayejua. Andika kila kaburi la nani. Lile lililo chini ya mimea ya masale, karibu na mfongo, ule mfereji wa maji, mimi tangu utotoni naambiwa ni la bibi, lakini bibi yupi?

Nipigie ukitoka huko.

Wako wa siku zote