Barua kwa wanachama ambao kiwanda chao kinahamishwa

Ndugu zangu wanachama,

Habari imenifikia kwamba uongozi umetangaza kuhamisha uzalishaji, na kwamba wengi wenu mmeambiwa mkae tayari kwa barua za kupunguzwa kazini. Poleni sana. Nimekuwa katibu wa tawi la chama chetu cha wafanyakazi, nimekaa meza moja na waajiri katika mashauri ya namna hii, na ninajua kinachowanyima usingizi: karo za watoto, kodi ya nyumba, mikopo, na ile aibu inayompata mtu aliyefanya kazi yake vizuri kisha akaambiwa hahitajiki tena. Aibu hiyo si yenu.

Mambo ya sheria mtaelezwa na mwanasheria wa chama. Mimi naandika kwa sababu ya maneno niliyoambiwa yalisemwa mkutanoni, kwamba watu wa huko kazi inakoenda "wametuibia". Wanangu, msishike njia hiyo. Hakuna mfanyakazi wa huko aliyekaa kwenye kikao cha bodi. Waliokaa walipiga hesabu ya mishahara, msamaha wa kodi, bei ya umeme na umbali wa bandari, wakaamua. Yule atakayesimama kwenye mashine yako hakuulizwa, na ataipokea kazi hiyo kwa sababu zile zile zilizokufanya wewe uipokee.

Tazameni yaliyotokea Ujerumani. Januari 2008 Nokia ilitangaza kufunga kiwanda chake cha simu cha Bochum, chenye wafanyakazi wapatao 2,300, na kazi kupelekwa Jucu, karibu na mji wa Cluj, Romania. Siku chache baadaye kampuni hiyo hiyo ikatangaza faida ya mwaka ya mabilioni ya yuro. Watu wa Bochum waliandamana kwa maelfu. Septemba 2011 ikawa zamu ya Jucu: Nokia ikatangaza kukifunga kiwanda hicho pia, kazi zipatazo 2,200, uzalishaji uelekee Asia. Haikutimia miaka minne tangu kifunguliwe. Aliyeitwa mwizi wa kazi naye alitolewa nje kwa sababu ile ile.

Mwaka 1993 Hoover, kampuni ya mashine za kufyonza vumbi, iliamua kufunga kiwanda cha Longvic, karibu na Dijon, Ufaransa, na kuhamishia kazi zake Cambuslang, Scotland. Wafanyakazi wa Scotland walikuwa wamekubali masharti magumu, pamoja na kubanwa katika haki ya kugoma, ili kazi ije kwao. Wafaransa walikasirika, na nani angewalaumu? Miaka kama kumi baadaye uzalishaji wa Cambuslang nao ukapelekwa China. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Pande zote mbili zilipoteza, na kila upande ulikuwa umeelezwa habari tofauti.

Hapo ndipo penye shabaha ya barua hii. Mtaletewa pendekezo, kama halijaletwa: kubalini mishahara ipungue, kubalini zamu ndefu, huenda kiwanda kikabaki. Siwaambii mkatae kila kitu, maana mara nyingine kulegeza kidogo kumeokoa kazi. Lakini kabla ya kuinua mikono, ulizeni kama ahadi itaandikwa kwenye mkataba, ni ya miaka mingapi, na mwajiri atalipa nini akiivunja. Kisha ulizeni wenzenu wa huko wameambiwa nini. Swali hili la mwisho mwajiri hatawajibu. Watakaowajibu ni wafanyakazi wenyewe, na hamtawapata kama mmeshawatukana.

Watafuteni sasa, kabla mashine hazijafungwa kwenye makontena. Kiulizeni chama chenu cha taifa kama ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa. Kwa viwanda na migodi lipo IndustriALL, lililoundwa mwaka 2012 na lenye makao Geneva. Linaweza kuwaunganisha na chama cha huko, na kama huko hakuna chama, ni vizuri mjue hilo mapema.

Wengine mtasema haya ni maneno matamu yasiyolipa kodi ya nyumba. Basi tazameni Silao, Meksiko. Mwaka 2021 wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha General Motors walipiga kura kuukataa mkataba uliofungwa na chama cha zamani. Februari 2022 wakachagua chama huru, SINTTIA, na katika mazungumzo ya kwanza wakapata nyongeza ya asilimia 8.5. Vyama vya Marekani na Kanada viliwaunga mkono, ingawa wanachama wao ndio waliokuwa wameona kazi zikielekea Meksiko kwa miaka mingi. Walifahamu kwamba kila nyongeza ya huko inapunguza ile tofauti ya mishahara inayomvuta mwajiri ahame. Kwangu mimi, hii ndiyo hesabu ya maana kuliko zote, nami natamani tungeifanya miaka ya nyuma badala ya kungoja tangazo.

Kwa upande wa hapo kiwandani, dai la kwanza liwe taarifa. Mkataba Na. 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unamtaka mwajiri awape wawakilishi wa wafanyakazi sababu za kupunguza, idadi ya watakaoguswa na muda wake, tena ashauriane nao mapema. Nchi ambazo hazijauridhia ni nyingi, lakini ulizeni sheria yenu inasema nini. Mara nyingi kuna kifungu kinachofanana nao. Andikeni dai lenu kwa barua, lipigwe muhuri wa kupokelewa. Bochum hawakukiokoa kiwanda, lakini kwa kusimama pamoja walipata mpango wa fidia wa yuro milioni 200. Wanaokimbilia kusaini mmoja mmoja ofisini, kwa hofu ya kukosa, huwa wanauza nguvu ya wengine bila kujua. Na vibarua msiwaache nje ya madai yenu, maana wao ndio wataondolewa kwanza.

Jambo moja zaidi, na najua litawauma. Huenda wakaletwa wageni mwafundishe kazi yenu. Msikatae mmoja mmoja kwa hasira, kwa kuwa mtafukuzwa kwa utovu wa nidhamu na kupoteza kiinua mgongo. Lifanyeni suala la mazungumzo: ujuzi wenu ni mali, mafunzo yalipwe, na yasianze kabla makubaliano ya fidia hayajasainiwa. Kisha wapokeeni vizuri. Waelezeni hatari za ile mashine inayokata vidole na ni kinga gani mlipigania mpaka ikawekwa. Waambieni mnalipwa kiasi gani, waulizeni wao wameahidiwa nini. Na kabla hawajaondoka, wapeni namba ya simu ya katibu wa tawi, nanyi mchukue zao.

Mzee wenu,
katibu wa tawi mstaafu