Mijadala ya dini mitandaoni: tajeni na tafsiri, si aya peke yake

Mhariri,

Ugomvi mwingi wa dini kwenye makundi ya WhatsApp huanzia kwenye namba. Mtu anaandika "Qurani 33:41" akikusudia aya inayomwita Mtume Muhammad Muhuri wa Manabii. Mwenzake anafungua msahafu, anakuta "Enyi mlioamini! Mkumbukeni Mwenyezi Mungu kwa wingi", na papo hapo anamwita mwongo. Kumbe aliyeandika ametumia tafsiri ya Kiswahili ya jumuiya ya Ahmadiyya ya mwaka 1953, inayohesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza ya kila sura isipokuwa Tawba, isiyokuwa nayo. Katika tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya 1969, aya hiyo ni 33:40. Jina la tafsiri likitajwa, ugomvi huo hauanzi.

Biblia nayo ina yake. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha" ni Zaburi ya 22 kwa hesabu ya Kiebrania, lakini ni ya 21 kwa hesabu ya Kigiriki na Kilatini. Na anayenukuu Tobiti au Yoshua bin Sira aseme anasoma Biblia ya vitabu 73, maana mwenye ile ya vitabu 66 atatafuta mpaka achoke.

Kwenye hadithi, yaani mapokezi ya maneno na matendo ya Mtume, ndiko hali ilikoharibika zaidi. "Kapokea Bukhari", yaani imo katika mkusanyo wa hadithi wa Bukhari, si rejea. Hadithi ya nia ("Matendo huzingatiwa kwa nia") peke yake imo humo mahali saba: namba 1, 54, 2529, 3898, 5070, 6689 na 6953, na maneno hayalingani yote. Katika mkusanyo wa Muslim ni namba 1907. Tena namba hubadilika kati ya chapa na chapa, kwa hiyo taja pia kitabu cha ndani na mlango, mfano Kitabu cha Imani. Hapo mwenye chapa nyingine ataifikia. Ukichukua kwa wakusanyaji wengine kama Tirmidhi, Abu Daud au Ibn Majah, ongeza daraja ya hadithi na jina la aliyeipa, kwa kuwa humo mna sahihi na mna dhaifu. "Tafuteni elimu hata China" husambazwa kwa jina la Bukhari, ilhali haimo katika kitabu chochote kati ya vile sita vikuu vya hadithi. Wakristo nao wana "Jisaidie nami nitakusaidia", isiyomo katika Biblia.

Picha ya ukurasa nayo haitoshi. Mara nyingi imekatwa juu na chini, na kilichokatwa ndicho kinachobeba maana: Zaburi 14:1 ina maneno "Hakuna Mungu", lakini msemaji wake ni mpumbavu. Anayetuma picha aonyeshe jalada, mwaka wa chapa na ukurasa mzima.

Naomba gazeti lianze na kurasa zake lenyewe. Makala ya dini ikifika na aya isiyotajwa tafsiri, au hadithi isiyo na kitabu na mlango, irudishwe kwa mwandishi aikamilishe kabla ya kuchapwa.

Msomaji wenu,
Tanga