Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Semina za uandishi zimefanyika kama kawaida, na paa la ofisi bado linavuja. Yaliyobaki katika taarifa hii yanahusu tamthilia moja tu: ile tuliyoiigiza uwanjani, mchana kweupe, bila kiingilio, mbele ya watu waliokuja na watoto wao, mikeka yao na chupa zao za chai. Nairefusha kwa makusudi, maana mbele yetu kuna hoja inayohitaji kura.

Wengi mlitaka Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare, kwa kuwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969 tumeisoma tangu shuleni. Kamati ilikataa. Mle mna kisu kinachonolewa mahakamani, na mna Shylock, mkopeshaji Myahudi, anayetukanwa kwa dini yake. Hayo si ya kumweleza mtoto wa miaka sita aliyekaa mkekani akila karanga. Tukachukua The Merry Wives of Windsor, ramsa ya Shakespeare iliyochapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1602. Waliodai kwamba haitakaa katika Kiswahili niliwakumbusha kuwa ilishaigizwa kwa Kiswahili London mwaka 2012, katika jumba la maonyesho la Globe, na Falstaff, mhusika wake mkuu, aliigizwa na msanii wa Tanzania Mrisho Mpoto. Tena sehemu kubwa yake ni nathari, hivyo watafsiri wetu hawakuhangaika na vina wala mizani.

Kwa wasiokuwepo: Falstaff ni mzee mnene, mlevi, hana senti, anayejidanganya kwamba wake wawili wa watu wenye mali wanamtamani. Anawaandikia barua mbili zinazofanana neno kwa neno. Wanawake hao ni marafiki, wanaonyeshana barua, na kuanzia hapo mzee hana pa kupumulia.

Barua hizo zilitusumbua. Mtu anayesoma barua jukwaani haonekani vizuri kutoka mkeka wa nyuma. Akina mama wa kundi la mavazi ndio waliotuokoa: Falstaff wetu alinunua doti moja ya khanga, akaikata, akampelekea kila mmoja kipande. Wale wawili walipovitandaza vipande vyao, jina lilelile, pindo lilelile, uwanja mzima wa kina mama ulilipuka. Ukware wangeweza kumsamehe. Ubahili ule, hata kidogo. Sidhani kama mwandishi mwenyewe angepinga.

Kapu la nguo chafu, ambamo Falstaff anafichwa ili atupwe mto Thames, lilikuwa tenga. Kwa kuwa hakuna wabebaji wa kumwinua mwigizaji wetu (naye analijua hilo, simsengenyi), fundi aliling'oa kitako, mzee akawa anatembea ndani yake huku wabebaji wakijikamua kana kwamba wanabeba gunia la chumvi. Watoto wa mbele waliiona miguu na kupiga kelele za kumtahadharisha Ford, mume mwenye wivu wa mmoja wa wale wanawake. Mwigizaji wa Ford, badala ya kuwapuuza, aliwauliza, "Miguu gani?" na kuanza kuitafuta ndani ya nguo. Mazoezini hatukuwa na kitu hicho. Kutupwa kwenyewe hakuonyeshwi. Falstaff anarudi akisimulia, kama ilivyo katika tamthilia asilia. Sisi tulimtupa kwenye tope la mikoko.

Mti wenye mizimu wa tukio la mwisho, ambako Falstaff anavutwa ili aaibishwe, ni mwaloni kule Windsor. Kwetu haukuhitaji maelezo: mbuyu. Watoto wa wanachama ndio waliokuwa mashetani wa kumfinya mzee, na hakuna aliyekosa zoezi. Tatizo lilikuwa usiku, maana tukio hilo ni la usiku wa manane na sisi tulianza saa kumi, baada ya sala ya Alasiri, ili tumalize kabla ya Magharibi. Wajumbe wawili walidai tungoje giza na tukodi taa. Niliwapinga, kwa sababu waigizaji wa wakati wa Shakespeare pia walicheza mchana, na usiku wao ulikuwa maneno na mienge mikononi. Watoto wetu walitoka na kandili zilizowashwa juani, wakinyata. Hakuna aliyeuliza kama ni usiku.

Mahali pa jukwaa tulipachagua kwa upepo na jua. Tulicheza wakati wa kusi, upepo utokao kusini-mashariki, jukwaa tukaliweka upande wa mashariki: upepo ukawa unatoka mgongoni kwa waigizaji na kuwapelekea watu sauti, na jua la alasiri likawa nyuma ya watazamaji. Waigizaji walikunja macho kidogo. Kwa mpango huo hatukukodi vipaza sauti, wala jenereta ya kushindana nasi kwa kelele. Bodaboda za barabarani ni suala jingine. Kijana mmoja wetu alisimama njiani akizibembeleza.

Tulipunguza tamthilia hadi saa moja na nusu. Mizaha ya chumbani ilitoka. Wivu wa Ford ulibaki wote, kwani watoto wanaujua. Lafudhi zilizua mjadala mkali zaidi: daktari Mfaransa katika asilia huchekwa kwa kuikosea lugha, na kuna waliotaka tumpe lafudhi ya kabila fulani. Hapana. Daktari wetu alizungumza Kiswahili cha taarifa ya habari, sanifu hadi kuchosha, hata anapogombana na mpishi.

Kuna mzazi aliyeniandikia kulalamika kuhusu ulevi wa Falstaff. Nilimjibu kuwa katika tamthilia nzima hakuna aliyechapwa kuliko yeye.

Sasa hoja. Baadhi yenu mnapendekeza mwakani tuingie ukumbini na kuuza tiketi. Chama kinahitaji fedha, na mhazini atawaonyesha kwa nini. Lakini kwenye viti vya ukumbi mtoto anayelia hutolewa nje pamoja na mama yake, na kwa bei ya tiketi baba mwenye watoto wanne huja peke yake au haji kabisa. Napendekeza tubaki uwanjani, kofia ipitishwe baada ya onyesho, na wauza mihogo na kahawa walipie nafasi zao. Kura itapigwa kwa siri, baada ya mhazini kusoma hesabu.