Shukrani kwa jaji aliyeokoa ganuni yangu
Usiku wa kuamkia taarabu ya harusi ya mwanangu, hapa Mji Mkongwe, nyuzi nne za ganuni yangu, ala ya muziki yenye nyuzi nyingi, zilikatika. Jirani alinipeleka kwa jaji mmoja mstaafu, ambaye simtaji kwa kuwa hapendi kutajwa. Alitoka na kikoi chake, akaleta nyuzi zake za akiba, akazifunga moja moja, kisha akakaa hadi saa saba usiku akizikaza kwa ufunguo, maana chombo hiki huwa na nyuzi tatu tatu kwa kila sauti, na zote hazina budi kulingana. Aliniambia, bila kucheka, kwamba ganuni na kanuni ni neno moja. Wenzangu wenye nyuzi za akiba, msizifungie kabatini. Mheshimiwa, ahsante sana. Malipo uliyokataa nimeyageuza biriani, linakuja Ijumaa.