Saa 24 zinahesabiwa tangu ulipokamatwa

Mwanangu,

Nasikia mnaandamana tena. Sikukatazi. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, na najivunia kwamba unakijua kwa moyo. Linaloninyima usingizi ni kwamba umeishia hapo.

Notisi mmepeleka? Sheria inataka imfikie mkuu wa kituo cha polisi angalau siku 3 kabla ya maandamano, wala isizidi siku 14. Mnatoa taarifa, hamwombi ruhusa. Bakini na nakala yenye muhuri.

Halafu soma Kifungu cha 49, nakusihi. Ukikamatwa, uliza sababu. Lazima uambiwe mara moja kwa lugha unayoielewa. Taja jina lako, omba wakili, kisha nyamaza. Karatasi usiyoisoma usiitie sahihi. Mwenzako achukue nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, kwa maana asiyeandikwa kitabuni huhamishwa kituo na jamaa zake wasijue. Lazima ufikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, na saa zinaanza ulipokamatwa, si ulipoingizwa seli. Zikiishia wakati korti imefungwa, mwisho ni jioni ya siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani hadi Jumatatu. Msikubali kuandamana Ijumaa. Tena, kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimweki mtu rumande.

Wewe hupenda kunitajia Kifungu cha 1, kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Ni kweli, lakini askari wa zamu hazuiwi na hicho, anazuiwa na hizo saa. Hata Rais alizuiwa na utaratibu: tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Upeo ilisema hawezi kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa njia ya saini milioni moja, kwani njia hiyo ni ya raia. Utaratibu ndio ulinzi wako, nawe unaupuuza kama ulivyopuuza simu zangu wiki nzima.

Baba yako ametuma kodi ya mwezi huu. Mwambie kama imefika. Tangi la maji linavuja tena, fundi anakuja kesho. Nambari ya wakili iandike mkononi kwa kalamu, kwa sababu simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Mamako