Buti la ubao wa theluji: gumu si lazima liwe bora

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wanaosoma gazeti hili wakiwa kwenye nchi za baridi, hasa walioko Vermont na Maine kule Marekani, ambako familia nyingi zinazozungumza Kiswahili zimehamia na ambako shule nyingi huwapeleka watoto mlimani kujifunza kuteleza kwa ubao. Jambo lenyewe ni buti. Mzazi anaingia duka la mtumba, analibinya buti kwa kidole gumba, akiliona gumu anasema hili ndilo imara, kisha anaongeza namba mbili juu ili mtoto akue nalo. Nia ni njema, lakini mtoto anayevalishwa buti la namna hiyo atateseka siku nzima, na huenda akauchukia mchezo kabla hajaujua.

Ubao huongozwa na kifundo cha mguu. Anayetaka kugeukia upande wa vidole hukunja magoti na vifundo, muundi ukaegemea ulimi wa buti, na uzito ukashuka hadi kwenye ukingo wa ubao. Aliyevaa buti gumu kupita nguvu zake hawezi kuukunja ule ulimi. Anaishia kukunja kiuno, makalio yanabaki nje, uzito unarudi kisiginoni na ubao haugeuki. Mwalimu atamwambia akunje magoti mara mia, kumbe kinachokataa ni buti.

Kampuni nyingi huandika ugumu kwa namba, 1 (laini kabisa) hadi 10 (gumu kabisa). Anayeanza anafaa 2 hadi 4, na vivyo hivyo anayependa kuruka na kuteleza juu ya mabomba kwenye viwanja maalumu, kwa kuwa anahitaji kifundo kinachozunguka kwa uhuru. Anayepita miteremko ya kila aina atafute 4 hadi 6. Theluji ya Vermont na Maine mara nyingi huganda ikakaribia barafu, na juu ya barafu buti laini mno huacha ukingo uponyoke. Kwa hiyo aliyekwisha kujua kugeuka pande zote mbili asogee kwenye 5 au 6. Namba 7 kwenda juu ziachiwe wanaoshuka kwa kasi kwenye miteremko mikali. Ila namba hizi hazina kipimo cha pamoja: 5 ya kampuni moja yaweza kuwa 7 ya nyingine. Zinasaidia kulinganisha mabuti ya kampuni ileile, basi.

Uzito wa mvaaji nao una neno. Buti ambalo mtu wa kilo 90 analikunja bila shida, mtoto wa kilo 40 atalihisi kama gogo. Tena plastiki hukakamaa kwenye baridi, hivyo buti linaloonekana la wastani ndani ya duka lenye joto litakuwa gumu zaidi mlimani.

Laini kupita kiasi nalo lina hatari yake. Anayeruka akatua vibaya, kifundo hukunjwa kwa nguvu, na ipo sehemu ya mfupa wa kifundo, upande wa nje, inayovunjika zaidi kwa wachezaji wa ubao kuliko kwa watu wengine. Maumivu yake hufanana na ya kuteguka, na picha ya kawaida ya eksirei huweza isiionyeshe. Mtoto akiendelea kulalamika sehemu hiyo baada ya kuanguka, daktari aambiwe wazi kwamba alikuwa kwenye ubao, na aulizwe kuhusu kipimo cha CT, yaani picha ya eksirei ya kina zaidi.

Hata hivyo, buti lenye ugumu sahihi lisilomkaa mtu halina faida. Kisigino kikiinuka ndani yake, mguu huenda mbele kabla ya ubao, na kila kona huchelewa. Mpimeni mtoto akiwa amesimama, kisigino kikigusa ukuta, kutoka ukutani hadi kwenye ncha ya kidole kirefu. Sentimita 24 ni buti la 24, na saizi hiyo ya sentimita kwa kawaida huandikwa ndani ya ulimi. Avae soksi moja nyembamba ya sufi au ya sintetiki. Pamba hushika jasho, na soksi mbili hujikunja, hubana damu na kuleta ubaridi uleule mnaoukimbia. Agonge kisigino sakafuni ili mguu urudi nyuma, afunge kwanza sehemu ya ndani, kisha ya nje. Akisimama wima vidole viguse mbele kidogo. Akikunja magoti viachie. Akae nalo dakika 15 dukani. Ganzi au maumivu ya sehemu moja hayataisha mlimani.

Kuhusu mtumba, namba iliyoandikwa haina maana tena. Sponji ya ndani hushindiliwa na ganda hulegea, hata buti lililokuwa 7 likawa laini kama 4. Likunjeni kwa mikono miwili: likijikunja sehemu moja kama karatasi, limechoka. Tazameni kama soli imeanza kuachana na ganda, maana gundi huzeeka hata kwa buti lililokaa kabatini. Yale yanayofungwa kwa kitufe cha kuzungusha yajaribiwe mpaka mwisho, kwani waya ukikatika mlimani hakuna kamba ya kufungia. Na yakilowa, msiyaweke karibu na hita. Toeni sehemu ya ndani, yakauke taratibu.

Mwisho nina ombi kwa shule. Fomu ya kukodi vifaa huuliza urefu, uzito na namba ya kiatu, na wazazi wengi huandika namba ya raba ya mtoto. Tafadhali fomu hiyo iulize pia urefu wa mguu kwa sentimita, ije na maelezo ya Kiswahili, na irudishwe angalau wiki moja kabla ya safari, ili atakayegawa mabuti apate muda wa kuwatengea wanaoanza yale laini.

Mzazi na mpenzi wa mchezo,
Burlington, Vermont